Hoteli ya Kigamboni walikonitoa baharini

“Mama, hapa siyo mtoni. Toka, hatuogi na magauni hapa!”

Nimeambiwa hivyo wiki chache zilizopita na mlinzi wa hoteli moja ya ufukweni Kigamboni. Jina la hoteli silitaji, anayeifahamu ataitambua. Maji yalikuwa yananifika kiunoni, binti yangu wa miaka minane amening'inia shingoni, na kiingilio tulishalipa wote watatu, mimi, yeye na dada yangu. Mlinzi kasimama mchangani, kapuliza filimbi mara tatu, mpaka waliokaa kwenye vibanda vya makuti wakageuka wote kututazama.

Sikuwa na gauni. Nilivaa vazi la kuogelea lile linalofunika mpaka vifundoni, wengi wanaliita burkini, alilobuni Aheda Zanetti kule Australia mwaka 2004. Mwanangu naye alikuwa na lake dogo la njano, alilichagua mwenyewe Kariakoo. Kitambaa ni kilekile cha suti yoyote ya kuogelea. Nilitoka majini nikamnyooshea mkono: “Kijana, shika hapa uone.” Hakushika. Aliutazama mkono wangu unavyochuruzika maji, akalirudia neno lake lilelile, mtoni.

Sheria ya mabwawa, ya kutoingia na nguo za kawaida, naijua na naikubali. Dera na tisheti za pamba huachia nyuzi, nyuzi zinaziba chujio, na wanaolipia usafi wa maji ni hao hao wenye bwawa. Ningekuwa kwenye bwawa ningeuliza, tungeelewana. Mimi nilikuwa ndani ya Bahari ya Hindi, maji ambayo bibi yangu mzaa mama aliyaoga maisha yake yote na kanga moja kifuani, nyingine kaiacha juu pakavu ya kubadilisha. Wanawake wa pwani hii wameoga hivyo tangu lini, hata hoteli hazijafikiriwa!

Kilichoniumiza zaidi ni hiki. Hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa, mgeni mmoja wa kike alikuwa amelala kwenye kitanda cha kuotea jua, juu hana kitu. Mlinzi yuleyule alipita mbele yake mara mbili, macho chini, akamsalimia kwa adabu na kuendelea zake. Yule mama wa watu sina ugomvi naye. Huenda hakuna aliyemweleza kwamba kwetu hakuna ufuko wa kukaa hivyo. Lakini mlinzi aliona mtu hajavaa, akasalimia. Akaona mtu kavaa, akapuliza filimbi.

Na fukwe za watu wasiovaa nazijua, nimezifika. Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea kaka yangu Rostock, Ujerumani, wakati wa joto, wakanipeleka Warnemünde, kwenye Bahari ya Baltiki. Ufuko ule ni mpana sana na umegawanywa kwa vibao. Iko sehemu ya wenye mbwa, iko ya wanaovaa, na iko iliyoandikwa FKK, kifupi cha Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili huru. Huko wazee kwa vijana wanaoga kama walivyozaliwa. Kwao ni jambo la miaka mingi, hasa upande uliokuwa Ujerumani Mashariki, na wana adabu zake: unatandika taulo kabla ya kukaa, hupigi picha, hukodolei mtu macho.

Mimi na wifi yangu tulikuwa tunatembea tunaokota kombe, nimejitanda mtandio, tukapita kibao bila kukiona. Nilipoinua uso nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mzee mmoja, makamo ya baba yangu, akatuona. Akachukua taulo, akajifunga kiunoni, akalikaza vizuri, ndipo akatufuata. Alijifunga kwa ajili yangu. Akasema taratibu, wifi akanitafsiria, kwamba upande huu ni wa wasiovaa, mpaka uko pale kwenye kigingi, na tukivuka tutapata nafasi nzuri ya kukaa. Akatuonyesha kwa mkono, akatuaga.

Kwa hiyo hata kule nilihamishwa, kwa sababu hiyo hiyo ya nguo. Utaratibu wao sikuupenda na mimi sitavua mbele za watu mpaka naingia kaburini. Lakini niliondoka pale na heshima yangu yote. Sheria ya mtu inavumilika akikwambia kama binadamu mwenzake.

Huku nyumbani niliomba kumwona meneja. Alikuja, nikamwambia anionyeshe sheria. Tukaenda wote mpaka kwenye ubao. Ubao unasema bwawa. Bahari haimo. Akausoma kimya, akaenda kaunta, akarudi na hela zetu za kiingilio, akanikabidhi bila neno. Mimi hela sikuzitaka. Nilitaka aseme samahani, na amwambie mtoto, aliyekuwa anatetemeka kwenye kanga ya dada yangu.

Sasa na haki niiseme. Ufuko wenyewe ni mzuri, mwani wanaufagia asubuhi, changu wao wa kukaanga sijala mwingine kama yeye mjini hapa. Na yupo kijana mmoja, mwokoaji wao. Tulipokuwa tunasubiri bajaji getini alikuja anakimbia, kashika ndala za mwanangu tulizozisahau, kazikung'uta mchanga. “Shikamoo mama. Mtusamehe. Nilikuwa upande wa pili, ningekuwepo asingewafanyia vile.” Akainama kwa mtoto: “Mdogo wangu, siku nyingine njoo nikufundishe kuelea.” Nilishindwa hata kumjibu marahaba, koo lilinikaba.

Kwa ajili ya kijana huyu niliandika kwamba nendeni, kosa la mtu mmoja lisiwazuie. Niliandika kabisa. Halafu nikakumbuka pantoni. Tunarudi Magogoni, mwanangu akanivuta mkono, akaninong'oneza watu wasisikie: “Mama, hii nguo ni mbaya?”

Nimefuta. Msiende. Au mkienda, mumtafute yule mwokoaji mumshukuru kwa niaba yangu, basi, hela yenu mkaitumie kwingine.

Jumapili hii nampeleka kisiwani Mbudya kwa boti. Jana aliiweka ile nguo ya njano kwenye mkoba, baadaye nikaikuta ameitoa, ameikunja na kuificha chini ya mto. Nimeirudisha mkobani.