Malazi ya bei nafuu Moshi: lipi la kuchagua kwanza na lipi la mwisho

Anayetafuta chumba cha bei nafuu Moshi huanza kwa kuuliza bei ya usiku mmoja, na mara nyingi huishia hapo. Bei hiyo ni mwanzo tu wa hesabu. Chumba cha shilingi 20,000 kilicho mbali na shughuli iliyokuleta, kisicho na chai ya asubuhi wala maji ya moto, kinaweza kukumalizia fedha kuliko cha shilingi 35,000 kilicho mahali panapofaa, kwa sababu bodaboda za kwenda na kurudi, chakula cha nje na usiku usio na usingizi vyote hulipiwa. Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa hauangalii bei ya mapokezi peke yake, bali gharama ya usiku mzima kwa mtu anayesafiri kwa fedha zake mwenyewe: aliyekuja harusini, anayemuuguza ndugu katika hospitali ya rufaa ya KCMC, aliyewaleta watoto likizo wauone mlima, au anayepita tu kuelekea Rombo, Same au Arusha.

Kwanza ni muhimu kulielewa eneo, maana wageni wengi kutoka pwani hufungasha masweta wakiamini kwamba mji ulio chini ya Kilimanjaro lazima uwe na baridi kali. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa takriban mita 800 hadi 900, ilhali Arusha iko karibu mita 1,400, na ndiyo maana Arusha ina ubaridi zaidi ingawa Mlima Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,000. Kuanzia Januari hadi Machi usiku wa Moshi mjini ni wa joto, na chumba kisicho na feni ni adhabu. Ukipanda mlimani hali hubadilika upesi: hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila mita 1,000, na lango la hifadhi la Marangu liko juu ya mita 1,800. Mwezi Juni hadi Agosti, aliyelala huko anahitaji blanketi mbili nzito wakati wa mjini anatosheka na moja.

Nafasi ya kwanza: hosteli za taasisi

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, hosteli na nyumba za wageni zinazoendeshwa na makanisa na taasisi za kijamii. Moshi imebahatika kuwa nazo nyingi, kwa kuwa Walutheri na Wakatoliki walijenga misheni, shule na hospitali kwenye miteremko ya mlima huu tangu karne ya 19, na popote palipokuwa na mikutano na semina palihitajika vyumba vya kulala. Uhuru iliyoko Shanty Town na YMCA ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi, lakini zipo nyingine ndogo ambazo mwenyeji yeyote anaweza kukuelekeza.

Sababu yangu ya kuziweka juu si bei tu. Uwanja una ukuta na mlinzi, gari linaegeshwa ndani, mashuka yanabadilishwa, na hakuna muziki wa baa unaotikisa madirisha hadi saa nane usiku. Kwa mama anayesafiri peke yake na watoto, au binti aliyekuja kwenye usaili wa kazi, utulivu huo una thamani kubwa kuliko tofauti ya shilingi elfu kumi. Vilevile nyumba hizi kwa kawaida huwa na ukumbi wa chakula, hivyo asubuhi hutoki nje kutafuta chai.

Masharti yapo na ni haki uyajue mapema. Nyingi haziruhusu pombe, baadhi hufunga geti saa ya usiku iliyopangwa, na unapofika mkutano wa dayosisi au semina ya walimu vyumba vyote huchukuliwa kwa siku kadhaa. Aliyekuja harusini na anayetarajia kurudi alfajiri azungumze na mlinzi na mapokezi kabla ya kulipa, si baada ya kukuta geti limefungwa.

Nafasi ya pili: gesti za mitaani

Nyuma yake kwa hatua ndogo sana ninaziweka gesti ndogo za watu binafsi zilizoko mitaa ya makazi kama Rau, Soweto na maeneo ya Longuo yaliyo jirani na KCMC. Kwa anayemuuguza mgonjwa, hizi za Longuo ndizo za kwanza, hata kama chumba ni kidogo na chai haimo, kwa sababu atakwenda wodini mara mbili au tatu kwa siku na kila safari anayoiokoa ni nauli na nguvu. KCMC hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa mingi ya kaskazini, na ndugu zao ndio wateja wa kudumu wa nyumba hizi. Ukimweleza mhudumu kwamba utakaa wiki nzima, ni jambo la kawaida kuomba upunguziwe, na usione haya kuomba.

Ubora wa gesti za mitaani hutofautiana mno kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo hapa kazi ya mnunuzi ni kukagua. Usilipe kabla ya kuingia chumbani. Fungulia bomba la bafuni uone nguvu ya maji, vuta chandarua utafute tundu, funga mlango kwa ndani ujaribu komeo, kisha keti kitandani usikilize kinachosikika kutoka nje. Chandarua si pambo: mashamba ya mpunga ya Lower Moshi hayako mbali na mji, na mbu wapo.

Maji ya moto yanastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo ahadi inayotolewa kwa wepesi kuliko zote na kuvunjwa kwa wepesi uleule. Kuna nyumba zenye hita ya umeme juu ya bomba la mvua. Umeme ukikatika, maji ya moto yamekwisha. Kuna zenye mitambo ya jua juu ya paa. Hizo hufanya vizuri Januari, lakini Juni na Julai, Moshi inapofunikwa na mawingu tangu asubuhi, maji hutoka vuguvugu au baridi kabisa, yaani katika miezi ileile unayoyahitaji. Na zipo ambazo huchemsha maji kwa kuni au gesi na kukuletea ndoo mlangoni. Mimi naipendelea ndoo hiyo kuliko hita isiyoaminika, kwa sababu ni ahadi inayotimizwa na mtu unayemwona. Swali la kuuliza kwa simu si kama maji ya moto yapo, bali: “Dada, maji ya moto yanapatikana asubuhi na jioni, na umeme ukikatika mnafanyaje?” Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuhusu nyumba nzima.

Liko jambo jingine linalowashtua wasafiri wengi mlangoni. Baadhi ya gesti haziwakubali watu wawili wa jinsia moja katika chumba chenye kitanda kimoja, hata wakiwa mtu na kaka yake, na huwataka wakodi vyumba viwili, jambo linalozidisha gharama mara mbili kwa usiku mmoja. Wanaosafiri hivyo waulize mapema chumba cha vitanda viwili. Hosteli za taasisi huwa navyo mara nyingi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipa nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu: nyumba za wageni za Marangu na mlimani

Wengi watashangaa kuona malazi ya mlimani yakiwa ya tatu, kwa kuwa ndiyo yanayotamaniwa zaidi. Nayapenda mno. Kuamka katikati ya migomba na mikahawa, mfereji wa maji ukipita kando ya nyumba, na kunywa mtori wa moto, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, kabla jua halijapanda ni raha ambayo mji hauwezi kuitoa. Lakini mwongozo huu ni wa gharama, na gharama ya Marangu inategemea kabisa utafanya nini ukiwa huko.

Marangu iko takriban kilomita 40 kutoka Moshi mjini, kwa kupitia Himo. Tuchukulie mfano: chumba cha mjini ni shilingi 40,000 pamoja na chai, na cha Marangu ni shilingi 35,000. Umeokoa 5,000. Ikiwa mnashuka mjini kila siku watu wazima wawili, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na bodaboda ya kuwafikisha nyumbani ni shilingi 8,000 kwa kila mmoja, mmekwishatumia 16,000 kwa siku ili kuokoa 5,000. Hesabu hiyo hugeuka pale tu mnapopanga kubaki hukohuko.

Na vya kubakia navyo vipo: maporomoko ya Kinukamori na Ndoro, mashamba ya kahawa ya wenyeji, na lango la hifadhi ambalo kutoka hapo unaweza kutembea kwa siku moja msituni hadi kituo cha Mandara, mita 2,700, ukarudi jioni. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni kutoka nje, basi beba kitambulisho cha taifa. Hata Ziwa Chala, lililoko mpakani na Kenya, hufikiwa kwa njia ya Himo. Lakini kama hamu yako ni maporomoko ya Materuni, hayo yako Uru, juu ya Moshi mjini. Na chemchemi ya Chemka iko wilaya ya Hai, upande wa Boma Ng'ombe kwenye barabara ya Arusha. Anayelala Marangu ili aende Chemka anavuka mji mzima kila asubuhi na kuuvuka tena jioni.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa familia yenye siku nne ni kulala mbili mjini na mbili Marangu, kwa mfuatano huo, mizigo ikihamishwa mara moja tu.

Neno moja kuhusu vyumba vinavyouzwa kwa bei ya juu kwa sababu dirisha linautazama mlima. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huonekana vizuri zaidi alfajiri na jioni, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, huweza kufichwa na mawingu siku nzima. Usilipe nyongeza hiyo majira hayo. Mjini, sehemu yoyote iliyo wazi kuelekea kaskazini inakuonyesha kilele kilekile bure, na mara nyingi mandhari ya kutoka chini ni pana kuliko ya aliyezungukwa na miti mlimani.

Zilizobaki

Gesti za kandokando ya stendi kuu ni za nne. Zinafaa kwa shughuli moja, nayo ni kupanda basi la alfajiri. Zaidi ya usiku mmoja sizishauri, kwa sababu kelele za wapiga debe huanza kabla ya mapambazuko, na baadhi ya nyumba hizi hupangisha vyumba kwa saa, jambo lisilofaa kwa mwenye watoto. Ukiona mapokezi yana bei mbili, ya kulala na ya muda mfupi, tafuta pengine.

Za mwisho ni hosteli zenye vitanda vya ghorofa katika chumba cha pamoja, zinazolenga vijana wa kigeni wanaojiandaa kupanda mlima. Kitanda huonekana rahisi hadi mnapokuwa wawili au watatu. Hapo jumla yake huipita bei ya chumba kizima cha gesti. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za humu nchini, hivyo ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi.

Wakati na namna ya kulipa

Mpangilio huu wote huvurugika mara mbili kwa mwaka. Wiki mbili za mwisho za Desemba Wachaga hurudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya kutoka kila pembe ya nchi, na ingawa wengi hulala kwao, wakwe, marafiki na madereva wanahitaji vyumba. Marangu, Kibosho na Machame hujaa sawasawa na mjini. Mara ya pili ni mbio za Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa nyakati hizo weka nafasi wiki kadhaa kabla, na chukua chumba chochote safi kutoka nafasi mbili za kwanza bila kusubiri bei ishuke, kwa kuwa haitashuka. Kinyume chake, Aprili na Mei ndiyo miezi ya kuomba punguzo.

Malipo ya awali yafanyike kwa lipa namba yenye jina la biashara, si kwa namba ya simu ya mtu aliyejitambulisha kuwa meneja, na usitume zaidi ya usiku mmoja kabla ya kukiona chumba. Dai risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, unapomalizia deni, hasa kama mwajiri atakurudishia fedha. Mwisho, uliza saa ya kukabidhi ufunguo: nyumba nyingi huweka saa nne asubuhi, na ikiwa basi au treni yako inaondoka mchana, omba mizigo ihifadhiwe mapokezi badala ya kulipia siku ya pili.