Chuo kidogo hapa Tanga mjini, kwa anayefikiria kuja kusoma ualimu

Wadogo zangu mnaosubiri dirisha la udahili, na wazazi mnaoulizia vyuo vya Tanga, naandika kuhusu chuo kikuu kimoja kidogo cha binafsi hapa mjini, nimesoma pale digrii ya elimu, Kiswahili na Historia, nikamaliza. Jina siweki, maana pale ofisi nyingi zina mtu mmoja tu, ukiilalamikia ofisi halafu ukataja chuo ushamtaja mtu, na wengi wao ni watu walionibeba. Na hilo la mtu mmoja ndio jambo lenyewe nataka mlielewe kabla hamjajaza fomu, kwasababu uzuri wa chuo hiki na ubaya wake vyote vinatokea hapohapo.

Nianze na madarasa. Tulikuwa wachache, lekchara anakujua kwa jina, ukikosa kipindi kesho yake anakusimamisha koridoni anakuuliza jana ulikuwa wapi. Asaimenti inarudi imeandikwa pembeni kwa kalamu, hapa umenakili, hapa fafanua, hapa mfano wako hauendani na hoja. Rafiki zangu waliokwenda vyuo vikubwa walikuwa wanasikiliza lekchara kwenye spika tena wengine wamesimama dirishani, mpaka wamemaliza hakuna mwalimu hata mmoja anayewafahamu sura, sasa hivi wakitaka mtu wa kuwaandikia barua ya udhamini wa masters wanahangaika kweli.

Kwenye BTP, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni, ndio niliona faida ya uchache wetu zaidi. Nilipangiwa sekondari moja huko Muheza, msimamizi wangu akaja, akakaa dawati la nyuma kabisa na wanafunzi wa kidato cha pili, akasikiliza dabo yote, vipindi viwili mfululizo, dakika 80 bila kugusa simu. Baada ya hapo tukakaa chini ya mwembe na andalio langu la somo mkononi mwake, akaniambia mwalimu, unauliza swali zuri halafu unalijibu mwenyewe, hesabu mpaka tano kimoyomoyo ndio uongee. Mpaka leo darasani nahesabu. Kuna vyuo msimamizi anafika, anasaini, anaondoka na gari hiyohiyo iliyomleta, kwahiyo kama unataka kuwa mwalimu kwelikweli hiki kitu usikichukulie kidogo.

Sasa upande wa mikopo. Tulikuwa na mama mmoja tunamwita Mama Mikopo, ukiingia ofisini kwake unamwamkia shikamoo mama, anakuitikia marahaba mwanangu, kaa, halafu anafungua daftari lake la kaunta ambalo kila mwanafunzi ana ukurasa wake. Kuna mwenzetu kafiwa na baba, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha kifo cha baba kinasema Muhammed, na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinapita RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kuhakikiwa kabla Bodi ya Mikopo haijaviangalia. Binti akakosa mkopo awamu ya kwanza akaanza kufunga begi arudi kwao Pangani. Mama Mikopo akamfata hosteli jioni, akamwambia hati ya kiapo tunaipata kwa wakili kesho, dirisha la rufaa likifunguliwa na wewe umo. Akakaa naye kwenye kompyuta wakapandisha viambatanisho kimoja kimoja, na rufaa ilivyotoka binti kapata. Leo anafundisha. Nasema kwa moyo wangu wote, sidhani chuo chenye wanafunzi elfu ishirini mtu angemfata hosteli.

Lakini mama huyohuyo alipougua, hakuna aliyejua chochote. Wanafunzi wanaoendelea mkopo wao unategemea chuo kupeleka matokeo Bodi, na matokeo yetu yalikaa tu kwasababu aliyekuwa anayaandaa yuko kitandani na aliyekaimu hajui hata aanzie wapi, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likachelewa, watu wakaishi kwa mihogo na kachori za kukopa kwa mama wa getini, na wengine wakazuiwa kuingia vyumbani na mwenye nyumba kule mtaa wa Mabawa. Hilo mimi silaumu mgonjwa, nalaumu uongozi, kazi inayoshika tumbo la kila mwanafunzi huwezi kuiacha kichwani kwa mtu mmoja na daftari lake.

Kwenye kozi ni vilevile. Prospektasi ina optional, yaani kozi za kuchagua mwenyewe, nyingi zinavutia, ukifika semista ya tatu unaambiwa zinafundishwa mbili, nyingine mwalimu wake kaondoka. Somo moja la fasihi tulifundishwa na patitaimu anayetoka Dar, anashuka stendi ya Kange Ijumaa jioni, anatufundisha Jumamosi toka asubuhi mpaka magharibi na Jumapili anarudi zake, hata awe mzuri vipi huwezi kumeza uhakiki wa riwaya kwa mtindo ule. Halafu akaacha kazi katikati ya semista na maksi zetu za testi akaondoka nazo kwenye kompyuta yake, watu wakaonekana kwenye mfumo hawajakamilisha, na ukizingatia zile za mwanzo ndio 40 kati ya 100 mtu anaingia UE, mtihani wa mwisho wa semista, hajui anasimama wapi. Zilikuja kupatikana baadae sana baada ya kiongozi wa darasa kupiga simu mpaka akachoka.

Maktaba ni chumba kimoja, vitabu vya isimu vipo, vya historia vichache na vimechakaa, mimi nilikuwa naenda Maktaba ya Mkoa pale mjini, pametulia na unasoma kwa nafasi. Wifi inashika jirani na jengo la utawala tu. Hosteli safi, maji yapo, sina neno.

Hela mjipange, mbali na ada ambayo wanakubali kwa awamu kuna bima ya afya, wakati wetu ilikuwa 50,400, na ile hela ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wakati wetu 20,000 kila mwaka, wazazi wengi hizi zinawakuta ghafla wiki ya usajili.

Sasa kabla hujalipa hela ya fomu, fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huohuo uangalie programu yenyewe, usiishie kuona jina la chuo. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vingine vikazuiwa baadhi ya programu tu, kwahiyo chuo kinaweza kuwa kizima na kozi yako isiwepo. Halafu siku ya kwenda kuulizia usiishie kwa wale wa udahili wanaokupokea na vipeperushi, nenda idara unayoitaka uliza hizi: walimu wa kudumu wako wangapi, mwaka jana zilifundishwa optional zipi, na afisa mikopo akiwa likizo nani anakaa kiti chake. Wakijibu kwa majina, vizuri. Wakikuambia hilo linashughulikiwa, uliza tena kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, utawakuta kwenye vimbweta mchana.

Mwenye kutaka ualimu wa sayansi asije, maabara hakuna. Anayetaka sanaa na anajijua kwamba kwenye kundi kubwa anapotea, namshauri aje, ila vyeti vyake ahakikishe herufi moja moja akiwa bado nyumbani, na maksi zake za kila testi azipige picha siku anayorudishiwa karatasi.