Uzoefu wangu: kabati la pinboli la nyumbani na programu ya Visual Pinball

Ninaishi Kikwajuni, mjini Unguja, na kwa miezi saba saa zangu za baada ya kazi zimekwenda kwenye kabati la pinboli: sanduku la mbao lenye miguu minne, lenye televisheni iliyolazwa mahali pa uwanja wa mchezo, na gololi inayoendeshwa na kompyuta. Gharama yote, pamoja na kompyuta ya mtumba na malipo ya fundi, imefika takriban shilingi milioni mbili na laki sita. Nimeona niandike tathmini hii kwa sababu nilipokuwa ninaanza nilihangaikia mambo yaliyokuwa madogo, na jambo kubwa nikalijua nimeshachelewa.

Wengi wa rika langu tuliujua mchezo huu kwa meza moja tu, yaani uwanja mmoja wa pinboli ndani ya kompyuta, ile ya Space Cadet iliyokuja pamoja na Windows XP, tukaucheza kwa kibodi wakati wa mapumziko ya kazi. Mashine yenyewe ya pinboli ni kitu kingine. Ni gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa karibu gramu 80, inayoteremka juu ya ubao ulioinama kwa kiasi cha nyuzi 6.5, na tangu kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilipotoa mashine ya Humpty Dumpty mwaka 1947, mchezaji amepewa flipa, yaani vile vipigo vinavyoirudisha gololi juu. Mchezo wote umo katika vidole viwili na kile kinachotokea pale gololi inapokutana na flipa.

Sanduku lilikuwa kazi nyepesi kuliko nilivyodhani. Fundi wangu wa Jang'ombe alikataa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa neno moja, akasema masika moja tu yanatosha kuivimbisha pembe, nasi tukatumia plaiwudi ya milimita 18 inayostahimili maji, na kingo zake akazifunika kwa vipande vya mfenesi. Nilimpa upana wa nje wa sentimita 56, ambao ndio inchi 22 za kabati la kawaida, na baada ya kuondoa unene wa mbao mbili zilibaki sentimita 52.4. Televisheni yangu ya inchi 40, nilipoivua miguu yake, ilikuwa na kimo cha sentimita 51.8. Fundi alipitisha msasa ndani mpaka ikaingia bila ya kulazimishwa, kisha akatoboa matundu chini na nyuma kwa keekee, akaniambia, "Vyombo vyako vya umeme vinataka kupumua. Ukivifungia humu utavipika." Nimeweka feni mbili, na sijajuta.

Programu niliyoichagua ni Visual Pinball, inayoiga mashine za pinboli kwenye kompyuta, iliyoanzishwa na Randy Davis mwaka 2000 na ambayo leo inaendelezwa na watu wa kujitolea duniani kote. Haiuzwi. Meza zake hutengenezwa na wapenzi wa mchezo, na kwa mashine za zamani zilizokuwa na kompyuta ndani, hufanya kazi pamoja na VPinMAME, ambayo huiga chipu za mashine halisi, hivyo sheria za mchezo, hesabu ya alama na sauti zinatoka katika programu ileile iliyoandikwa kiwandani. Yaliyomo ndani ya chipu hizo yana wenyewe kisheria, na mtu ajue hilo kabla ya kuanza. Meza niliyoipakia kwanza ni The Addams Family ya mwaka 1992, mashine ambayo ziliuzwa 20,270, na ilipowaka usiku ule nilisimama mbele yake nikaitazama tu.

Kisha nikacheza, na gololi zote tatu zikanipita katikati. Nilidhani ni ugeni wangu. Nilicheza hivyo kwa wiki mbili, nikibadilisha mwinamo wa uwanja na nguvu za flipa ndani ya programu, mpaka jioni moja alipokuja mzee mmoja wa barazani kwetu, rafiki wa marehemu baba, ambaye kwa keram hakuna wa kumkalia mbele katika mtaa wetu. Nilimwamkia, nikamwonyesha vitufe viwili vya pembeni. Alipiga mara tatu au nne, akaondoa mkono, akaliangalia lile kabati kama aangaliavyo ubao wa keram uliopinda.

"Mwanangu, chombo chako kinachelewa," alisema. "Kidole kishapiga, kile kipande bado kinafikiri."

Sikumbishia mzee wangu, ila nilitaka kuona. Niliweka simu juu ya stendi, nikarekodi kwa kasi ya picha 240 kwa sekunde, kitufe na flipa vikionekana pamoja, kisha nikaipeleka video picha moja baada ya nyingine. Tangu kitufe kugusa mwisho wake mpaka flipa kuanza kunyanyuka nilihesabu picha 27, yaani zaidi ya milisekunde 110. Katika muda huo gololi inayokimbia imeshafika pengine kabisa, na hakuna ustadi wa mchezaji unaoweza kuufidia.

Sehemu kubwa ya kosa haikuwa ya programu. Televisheni za sebuleni huichukua kila picha, zikaisafisha na kuipamba kabla ya kuionyesha, na kwa mtazamaji wa habari hilo halina madhara. Nilipowasha hali ya michezo iliyofichwa ndani kabisa ya menyu, na kuzima kila kipambo cha picha, tofauti ilionekana palepale. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndani ya Visual Pinball, na hapa naisifu programu hii kwa moyo wote, kwa sababu inampa mtumiaji mamlaka ya kuchagua picha ngapi ziandaliwe mapema na namna picha zinavyolinganishwa na mwendo wa skrini. Nilipunguza picha za akiba hadi moja, nikapima tena, nikapata picha 11, kiasi cha milisekunde 46. Kwa anayenunua leo, skrini ya picha 120 kwa sekunde ni bora, kwa kuwa kila picha hukaa milisekunde 8.3 badala ya 16.7 za skrini ya picha 60. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu cha ziada, ningeinunua hiyo kabla ya kadi kubwa ya grafiki. Ya kwangu ni GTX 1060, na kwa skrini ya kawaida isiyo ya 4K inanitosha.

Jambo la pili ambalo kabati linalihitaji ni kuitambua miguso ya mwili. Mchezaji wa pinboli huisukuma mashine kwa kiganja ili kuiokoa gololi, na akizidisha mashine humwadhibu. Kwa kibodi kazi hiyo hufanywa kwa kitufe, na haina ladha yoyote. Nilitumia ubao mdogo wa KL25Z uliopakiwa programu ya Pinscape, ambao una kihisi cha mtikisiko ndani yake, na ambao hupokea pia vitufe vyote pamoja na fito ya kurushia gololi. Ulinifikia kwa boti kutoka Dar es Salaam. Kuurekebisha kulichukua nusu saa: fito unaivuta mpaka mwisho, unaiachia, na Pinscape inajifunza mwendo wake. Kazi ndefu ilikuwa ni sakafu, kwa sababu sakafu yetu imebonyea upande mmoja na gololi ilikuwa ikivutwa kushoto muda wote mpaka nilipoinua miguu miwili kwa skrubu za chini. Sasa ukilisukuma kabati kidogo kwa kiganja cha kulia, gololi inaitika kwa kiasi kilekile ulichosukuma.

Nyuma nimeweka skrini mbili, moja ya inchi 27 kwa picha kubwa ya mashine, inayoendeshwa na programu ndogo ya B2S, na nyingine niliyoitoa kwenye laptopu mbovu kwa ajili ya kibao cha alama chenye nukta 128 kwa 32. Hapa ndipo programu hizi zinapochosha. Faili la picha ya nyuma lazima liwe na jina lilelile la faili la meza, herufi kwa herufi, na nafasi moja iliyozidi inatosha kukuachia skrini nyeusi bila ya maelezo yoyote. Mahali pa kila skrini panaandikwa katika faili dogo liitwalo ScreenRes, na Windows ikibadilisha hesabu ya skrini zake, picha ya nyuma hulala juu ya uwanja wa mchezo. Imenitokea mara mbili. Dawa niliyoipata ni kuziwasha skrini zote kwanza, kisha kompyuta.

Kwa menyu ninatumia PinUP Popper, na bila ya programu ya namna hii kabati hubaki kuwa kompyuta iliyovalishwa mbao. Inajifungua yenyewe baada ya kuwasha, meza huchaguliwa kwa vitufe vya flipa, na kibodi haionekani tena. Uwekaji wake ni mgumu kwa mtu wa kawaida na maelekezo yote ni ya Kiingereza. Mtu atenge siku mbili, na bando la kutosha.

Niliijaribu pia Pinball FX ya Zen Studios, ambayo ni ya kulipia na ina ruhusa rasmi ya meza za Williams, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine halisi. Picha zake ni nzuri na haikunipa usumbufu wowote wa mafaili, lakini mikononi mwangu gololi yake ni nyepesi mno, na nimerejea nilikotoka. Sauti nimezifunga kwenye vitetemeshi vinne katika pembe za sanduku, hivyo mlio wa flipa ya kushoto unausikia kwenye kiganja cha kushoto. Wapo wanaofunga kontakta, yaani swichi kubwa za umeme zinazovutwa kwa sumaku, ili zigonge kwa nguvu, lakini sisi tunagawana ukuta na majirani, na baada ya Isha isingekuwa adabu.

Limebaki la umeme. Mtu yeyote aliyekuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka bara, hanunui kifaa bila ya kujiuliza kitakuwaje ukikatika. Mimi sikujiuliza. Mtoto wa ndugu yangu, mwanafunzi wa skuli wa miaka kumi na mitatu, alifikisha alama za juu kuliko zote humu ndani, akaandika herufi zake tatu kwa vitufe vya flipa, akaendelea na mchezo wa pili. Dakika chache baadaye umeme ukakatika. Uliporudi, herufi zake hazikuwepo, kwa kuwa VPinMAME huyahifadhi matokeo kwenye diski pale meza inapofungwa vizuri, na hii haikufungwa. "Ami, lakini ulishuhudia," aliniambia, na kweli nilishuhudia. Kesho yake nikanunua UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, inayotupa dakika kumi na mbili, nikaiunganisha kompyuta na skrini zote, na kitufe cha kutokea nimekihamishia mbele, chini ya fito, nikakipaka rangi nyekundu. UPS ikilia, yeyote aliye karibu anakibonyeza.