TL431: kidude cha miguu mitatu kilichonifanya niache zena

Asalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena, leo nimehamia barazani maana ndani joto halikaliki.

Mnakiona hichi? TL431, kidude cha kushika volti isibadilike, ndo unachopimia volti nyengine. Ukikitizama utadhani transista, na wengi wenu mshakichomoa kwenye pawasaplai ya tivii mkakitia kwenye kopo la skrepa, huwa kipo pale karibu na optokapla, kile kinachopitisha ishara kwa mwanga. Miguu yake mnaijua, naruka.

Mie nataka kukuonesheni jambo moja tu. Tizameni mita. Huku kushoto zena, ile daiodi ya kushika volti, ya volti 2.4, kulia TL431, mguu wa rifarensi, yaani wa kuhisi volti, nimeuunga na kathodi, mguu unaoingiza mkondo. Zote nazipa miliampea 5. Sasa nazungusha hapa napunguza mkondo, miliampea 2... mmeona? Zena inashuka, 2.2, 2.1, hiyo. Njooni huku: 2.49. Napandisha, 2.49. Nashusha tena, 2.49, wallahi hakitikisiki!

Subirini, bado. Nachukua draya ya nywele, naipuliza zena... inashuka, inashuka, ishapoteza milivolti kama 60. Nakipuliza na hichi, kimepata moto siwezi kukigusa, haya tizameni, 2.49 pale pale, tarakimu ya mwisho ndo inacheza kidogo.

Siri yake iko ndani. Transista ya silikoni ikipata moto, volti ya baina ya besi na emita, miguu yake miwili, inashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii moja. Lakini ukichukua transista mbili, moja ukaibana mkondo kwenye eneo dogo na nyengine ukaipa nafasi, tofauti ya volti zao inapanda na joto. Basi unaikuza hiyo inayopanda, unaijumlisha na ile inayoshuka, zinafutana, unabaki na volti kama 1.2 ambayo joto haliiwezi, na humu imekuzwa kama mara mbili, ndo ile 2.49. Bob Widlar, mbunifu wa saketi wa Kimarekani, ndo aliyelitia wazo hili kwenye regulata (kidhibiti volti) ya LM109, akaliandikia makala 1971. Na sie joto letu la Februari mnalijua, boksi la sola juu ya bati linakuwa tanuri.

Jamaa yangu mmoja wa Wete alifunga zena kwenye saketi ya kukata betri ikishuka volti, ikawa mchana wa joto inachelewa kukata, betri inakwisha, usiku inakata mapema. Nikamwekea hichi na rizista mbili za kugawa volti, kilo-omu 36 juu na kilo-omu 10 chini, piga hesabu, 36 na 10 ni 46, gawa kwa 10 ni 4.6, mara 2.5, volti 11.5, na inakata hapo hapo saa zote. Na moja nimeinunua shilingi mia tano tu!

Lakini msikichanganye na LM317, regulata nyengine ya miguu mitatu, ile inabeba mpaka ampea 1.5, hichi miliampea 100 mwisho, kazi yake kupima sio kubeba mzigo. Video ya LM317 inakuja Ijumaa baada ya sala inshallah, sabskraibuni isikupiteni.

Kinachonikera kimoja, kapasita unayoiunga baina ya miguu yake. Ikiwa ndogo sana kinatulia, ikiwa kubwa sana kinatulia, za katikati ndo balaa, kinaanza kutetemeka chenyewe, na mpaka wenyewe unategemea mkondo, kwa hiyo ile grafu ya kwenye datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, isomeni. Mie usiku mzima natafuta kelele kwenye redio, nimerudia solda zote, kumbe ni seramiki ya maikrofaradi 0.1 niliyoitia kwa mazoea tu. Nimeichomoa, kelele ikakata papo hapo.