TAHADHARI: Anayeuza bonsai jioni kule ziwani ni tapeli, msimpe hata shilingi

Wana Mwanza wenzangu, hasa nyie mnaofuga miti kwenye vyungu, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Kuna kijana anapanga bonsai, ile miti inayodumazwa makusudi chunguni, kando ya barabara upande wa ziwani, si mbali na Jiwe la Bismarck, anakuja jua likikaribia kuzama. Ni mwizi. Kala hela yangu na kaniaibisha mbele ya watu ambao sijui nitawatazamaje.

Nilikuwa natafuta zawadi ya kumpa mama siku ya shughuli.  Nikauona mkwaju: shina nene, limepinda kwa madaha, chungu bapa, kokoto juu. Nikasimama. Hakunirukia na bei kama wauza maua wengine. Alikuwa ameshika mkasi anapogoa mkuyu mdogo, akaendelea na kazi huku ananieleza. Chipukizi likifikisha majani sita au manane, lirudishe hadi mawili. Usiondoe zaidi ya theluthi ya majani kwa mkupuo mmoja. Mkuyu ukiukata, futa ule utomvu mweupe. Waya akauzungushia tawi kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, kisha akalikunja taratibu kwa vidole gumba, na akasema waya ukianza kuzama kwenye gamba utolewe haraka, la sivyo kovu halifutiki. Yote sahihi! Mambo haya ya bonsai mimi mwenyewe nayajua, angebabaisha ningemkamata palepale.

Akaleta na habari ya ule msonobari mweupe wa Japani, uliolelewa chunguni tangu 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 Marekani ikapewa zawadi. Nayo ni kweli, nilishaisoma. Halafu akasema mkwaju wake kautoa kwenye ufa wa jiwe kule Bwiru, ulidumaa kwa kukosa udongo. Nani aliyekulia Mwanza hajaona mti umeota juu ya jiwe? Na miti iliyodumaa porini ndiyo hasa wenye bonsai huitafuta. Ningekataa vipi?

Tena niliukagua. Nilikwaruza gamba kwa ukucha, chini yake kijani kibichi. Nikainamisha chungu, nikaona waya umepita kwenye matundu ya chini. Bonsai halisi hufungwa hivyohivyo ili isitikisike mpaka mizizi ishike. Nikamuuliza kitu kimoja, mbona majani yamefumba? Akaniambia kwa upole, “Dada’angu, mkwaju si hulala jioni?” Na kweli hulala, giza likiingia hufumba vijani vyake. Hapo ndipo aliponimaliza. Alianzia laki nne, tukaishia laki mbili na nusu, nikatuma na ya kutolea. Akaniagiza nisiguse kokoto, mizizi bado laini, niwe nanyunyizia maji tu.

Asubuhi majani hayakufunguka. Nikampigia, akapokea vizuri tu: mti umeshtuka kwa kupogolewa, utatulia. Mti ukipogolewa na kubadilishiwa chungu kwa pamoja hushtuka kweli, nikakubali. Siku ya shughuli mama kashapokea, kashapigwa picha nao, majani yakaanza kudondoka kwenye kitambaa cha meza. Mjomba wa Sengerema, mnamjua, akaagiza koleo, akageuza chungu, akalegeza waya, akavuta. Kokoto zikanyanyuka zote kwa pamoja kama ukoko wa wali, kumbe zimegandishwa kwa saruji. Chini hakuna mzizi hata mmoja! Tawi limekatwa kwa msumeno, flati kabisa, limepigiliwa misumari miwili na waya umezungushwa humo. Mama akasema “si kitu, mwanangu”, na sauti yake ndiyo inayoniuma mpaka sasa.

Huyu mtu afungwe. Kila jioni anaua tawi la mkwaju wa mtu, mti unaochukua miaka mingi kunenepa hivyo, na anatumia elimu ya kweli kuibia watu. Bora mjinga anayeuza miti kuliko huyu. Arudishe hela zote, na apigwe marufuku kusogea pale ziwani.

Mkiuziwa mti, njooni mchana. Kukwaruza gamba kusiwatoshe, tawi lililokatwa leo huwa bichi bado. Fukueni juu kidogo muone shina linavyopanuka na kuingia kwenye mizizi, akikataa ondokeni. Na makovu: mti uliopogolewa miaka mingi una vidonda vya zamani vilivyozibwa na gamba, wake vilikuwa vibichi vyote. Mengine nitawaambia nikitulia.

Simu yake haipatikani tena. Chungu, misumari na ujumbe wa muamala ninavyo. Yeyote aliyeuziwa kama mimi anitumie ujumbe, hata usiku, twende kituoni pamoja. Nikienda peke yangu atasema mti niliua mwenyewe kwa kutomwagilia.