Laptopu ya kujifunzia kutengeneza programu za simu: ipi ununue Mombasa

Mwaka jana mpwa wangu alinijia na laptopu mpya, bado ina nailoni kwenye kifuniko. "Mjomba, naandika neno, herufi zaja baadaye." Prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4 GB iliyogandishwa kwenye ubao, na diski ya polepole ya eMMC ya 64 GB. Android Studio, ile programu ya kuandikia programu za simu za Android, ilikuwa imefunguka, lakini kila alichobonyeza kilikuwa kinasubiri. Hapakuwa na la kuongeza wala kubadilisha. Mashine kama hiyo naiweka mwisho kabisa, hata ikiwa mpya na ina waranti. Usiinunue.

Android Studio yenyewe ni bure. Pesa zinaingia kwenye mashine ya kuibeba. Google wanataja RAM ya 8 GB kuwa kima cha chini, na 16 GB ukitaka kuendesha pia emuleta, ile simu ya bandia inayofunguka kwenye skrini. Kwa hivyo ukiingia dukani uliza RAM na SSD, ile diski ya kasi, kwanza. Rangi na wembamba baadaye.

Ya kwanza: laptopu ya ex-UK (mtumba wa Uingereza), Core i5 kizazi cha 8

Lenovo ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5, zote za 2018. Nazipenda kwa sababu zina nafasi mbili za RAM: waweza kununua yenye 8 GB leo na kuongeza 8 nyingine ukipata. Kuanzia kizazi hicho, i5 za laptopu za namna hii zina kori nne badala ya mbili, na Windows 11 inazikubali rasmi. Hilo lina uzito, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiona T480s, jua ni nyingine: RAM yake moja imegandishwa.

Usiamini kibandiko. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, halafu Memory. Ukisoma "Slots used: 1 of 2", nafasi moja iko wazi. Ingia CPU uone kama Virtualization ni Enabled. Ikiwa imezimwa, emuleta itajikokota mpaka uiwashe Virtualization kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na kwenye ripoti ulinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ya pili haifiki hata nusu ya ya kwanza, betri hiyo imechoka: mwambie mwenye duka apunguze bei ya betri nyingine. Jaribu kila herufi ya kibodi. Muuzaji mwaminifu atakupa nafasi, na asiyekupa, ondoka.

Joto letu la kaskazi na unyevu wa bahari haviihurumii mashine iliyojaa vumbi. Kabla ya kuanza kuitumia, mpe fundi asafishe feni.

Ya pili: MacBook Air M1

Ilitoka 2020, haina feni, na inafanya kazi kimya. Ila RAM yake haiongezeki kamwe, kwa hivyo ya 16 GB ndiyo ya kutafuta. Inunue ikiwa una mteja wa iPhone, kwa sababu Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone, haikai ila kwenye Mac. Hata ukitumia Flutter, ambayo hukuandikia programu ya Android na ya iPhone kwa pamoja, ile ya iPhone utaikamilisha kwenye Mac. Pia Apple wanatoza dola 99 kila mwaka kuweka programu kwenye duka lao. Google wanatoza dola 25 mara moja tu. Kwa anayeanza, hesabu hiyo inaelekea Android.

Ya tatu: kompyuta ya mezani ya mtumba

Kwa pesa ile ile unapata nguvu zaidi. Lakini stima ikipotea na kazi imepotea, na huwezi kuibeba hadi Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa pale karibu na Fort Jesus, kukaa na wenzako mkajifunza pamoja.

Ukiishia na 8 GB, usikate tamaa, acha emuleta. Tumia simu yako: kwenye mipangilio yake tafuta Build number, ibonyeze mara saba, kisha ingia Developer options, washa USB debugging na uichomeke kwenye laptopu. Programu unayoiandika itafunguka mkononi mwako. Lugha ya kuanzia ni Kotlin. Google wameitanguliza kwa Android tangu 2019.

Upakuaji wa kwanza hula gigabaiti kadhaa, basi ufanye penye Wi-Fi, usimalizie bando lako. Na waya wa USB uujaribu hapo hapo dukani: baadhi huchaji tu, data hazipitishi.