Programu ya mazoezi makali ya wiki 12: vyuma vizuri, ratiba isiyoipa mifupa nafasi

Programu hii inauzwa kwa ahadi mbili: kwamba itaimarisha mifupa, na kwamba itapunguza inflamesheni, yaani ule mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta joto, maumivu na uvimbe. Nimeifuata hadi mwisho, na naona kwamba ahadi ya kwanza inatimizwa na nusu ya vipindi tu, ilhali ya pili inahujumiwa na ratiba yenyewe.

Vipindi vya vyuma vinastahili sifa kamili. Mkufunzi hamruhusu mtu kuongeza uzito mpaka aridhike na namna anavyochuchumaa na anavyonyanyua chuma kutoka sakafuni, kisha humpandisha hatua kwa hatua hadi kwenye uzito ambao hawezi kuunyanyua zaidi ya mara 5 au 6 mfululizo. Mfupa unahitaji mzigo wa namna hiyo. Seli zilizomo ndani yake zinapohisi mkandamizo mkubwa, hupunguza sklerostini, protini inayozuia ujenzi, na seli zinazojenga mfupa hupata nafasi ya kufanya kazi. Utafiti wa LIFTMOR wa nchini Australia uliwahusisha wanawake waliokwisha kukoma hedhi ambao mifupa yao ilikuwa imepungua uzito: nusu saa ya vyuma vizito na kuruka, mara 2 kwa wiki kwa miezi 8 chini ya usimamizi, iliongeza msongamano wa mfupa, yaani wingi wa madini ndani yake, katika pingili za kiuno kwa takriban asilimia 2.9, huku waliofanya mazoezi mepesi nyumbani wakipoteza takriban asilimia 1.2.

Nusu nyingine ya vipindi hufanyika kwenye baiskeli ya mazoezi. Moyo na mapafu hunufaika sana, lakini kiti ndicho kinachobeba mwili, na mifupa haipati mshtuko wowote wa kuiamsha. Ndiyo maana waendesha baiskeli wa mashindano mara nyingi hukutwa na uti wa mgongo wenye msongamano mdogo. Kumwambia mteja kwamba vipindi hivyo vinajenga mifupa si haki.

Kinachonisikitisha zaidi ni ratiba ya siku 6 kwa wiki. Zoezi kali huwasha inflamesheni ya muda mfupi, na hilo si baya hata kidogo: misuli inayofanya kazi hutoa interlukini-6, nayo huchochea kemikali nyingine za kutuliza, kama interlukini-10, ili mwili urejee katika hali yake. Utulivu huo unahitaji muda. Mtu anapoingia kipindi kingine kikali kabla hajapona, na kuendelea hivyo wiki baada ya wiki, inflamesheni inaweza kukaa mwilini, na baadhi ya kemikali zake huchochea seli zinazomomonyoa mfupa. Isitoshe, nyufa ndogo zitokanazo na mazoezi hukarabatiwa kwa kumomonyoa kwanza sehemu iliyoharibika, hivyo kwa wiki kadhaa mahali hapo huwa dhaifu kuliko awali. Mwenzetu mmoja alipoanza kuumwa sehemu moja ya muundi, hata ukiigusa kwa kidole, aliambiwa ajikaze. Hiyo ni dalili ya mfupa kuchoka na kukaribia kuvunjika, na alipaswa kusimamishwa na kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mwongozo wa chakula unazidisha tatizo, kwa kuwa unapunguza chakula katika wiki zilezile ambazo mazoezi yanaongezeka. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikionya kwamba upungufu wa nishati kwa wanamichezo huvuruga homoni na kudhoofisha mifupa. Kuhusu kalsiamu, ambayo mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, mwongozo hausemi neno.

Anayetaka kujiunga aulize kama anaweza kulipia vipindi vya vyuma pekee, mara 2 au 3 kwa wiki, na ale vya kutosha. Kipimo cha msongamano wa mifupa kinachouzwa kwa nyongeza mwishoni mwa programu akiache, kwa sababu mzunguko mmoja wa mfupa kumomonyoka na kujengwa upya huchukua takriban miezi 4 hadi 6, na wiki 12 hazitoshi kuonyesha badiliko la kuaminika.